Mapya Yaende Nyuma

Eliseo Huenchul anapiga magoti kabla sijazima injini.
Hanisalimu mimi, analisalimu tairi:
anapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ndani
kama mtu anayetafuta jino bovu kinywani mwa mtoto.
"Kipara," anasema. "Na hili kipara.
Yale mawili yatavuka baridi moja. Si mbili."

Nje upepo wa Chubut unavuta mabati
tangu alfajiri, haujui Jumapili.
Kutoka hapa hadi zizi la mwisho ninalohudumia
ni kilomita mia moja na arobaini za kokoto,
nyeusi, kali, nyingine kubwa kama yai la bata.
Nabeba chanjo za kondoo ndani ya sanduku la barafu,
spea moja, jeki, blanketi,
na redio isiyokamata kitu ukishavuka daraja.

Ithel, mtoto wa kaka yangu, amenitumia picha:
tairi la matope, meno ya mamba,
herufi nyeupe ubavuni.
"Shangazi, chukua haya. Watu watakuheshimu."
Matope! Huku mvua ni hadithi ya wageni.
Tairi lile kwenye kokoto hunguruma
kama padri aliyekosa sadaka,
linakunywa dizeli, linaokota mawe
na kuyapiga chini ya miguu yako usiku kucha.

Eliseo anayaegemeza ukutani.
Haya ya lami, laini, ya watu wa Trelew.
Haya ya njia zote, kashata fupi, ubavu mnene.
Haya ya bei ya chini, yalikaa ghalani mno:
ananionyesha tarakimu nne zilizochapwa kwenye mpira,
wiki ya tisa, mwaka ambao bado nilikuwa na mume.
"Mpira huzeeka hata umesimama," anasema.
Simjibu. Hilo nalijua.

Rahisi ghali. Nahesabu noti mara mbili;
bei ya jana imefutwa, ya leo imeandikwa juu yake,
na ubao mzima umekuwa mweupe kwa chaki.
Manne mabovu, au mawili mazuri.
"Mawili," nasema. "Ya njia zote. Yafunge mbele."

Anaweka chini kibuyu chake cha chai chungu.
"Nyuma."
"Mbele ndiko usukani uliko, Eliseo."
"Ndiyo maana. Mbele kukiteleza, mikono yako itakwambia.
Nyuma hakusemi.
Unashtukia barabara uliyotoka
imekaa mbele ya kioo."

Kisha hakuna anayeongea.
Sote wawili tunaijua kona ya Pozo Hondo
na pikapu ya kaka yangu Idwal ilivyolala chali pale, mwezi wa Julai,
matairi mapya mawili mbele,
bado yana vile vinywele vya kiwandani.
Askari waliandika: mwendo kasi.
Hakuwa mtu wa mwendo kasi.
Alikuwa mtu wa kuweka kizuri mahali kinapoonekana,
shati jipya, ukuta wa mbele wa nyumba,
na jikoni bati linavuja.

"Haya," nasema. "Nyuma."

Mashine inapuliza. Nati zinalia moja moja.
Ya zamani yenye uhai kidogo yanahamia mbele,
na ukiitazama pikapu yangu kutoka mlangoni
utaapa sijanunua kitu.
Ithel atacheka. Siku moja nitamweleza kwa nini,
lakini si kwa simu.

"Kilomita hamsini, simama, kaza tena," Eliseo anasema,
akinirudishia chenji isiyotosha kununua mkate.

Daraja. Redio inakata.
Kwenye hamsini nasimama, upepo unanipokonya mlango,
nachuchumaa nyuma na spana.
Nati moja imekubali robo mzunguko.
Mpira una joto. Vinywele vimeshaanza kuliwa.